Mwiba wa Mekanisiye

Kabla hajagusa mashine, aliwasalimia wenye mashine. Wala haikuwa ile salamu ya kupita njiani. Kwetu Uha, mtu anayekuja kwako kwa heshima hupiga makofi taratibu, huinama kidogo, kisha huuliza: umeamkaje, watoto wameamkaje, mgongo wa mama unasemaje, mvua imewafikia, mihogo imesimama? Yeye hakuwa Muha, alikuwa mtu wa ng'ambo ya mpaka, lakini salamu zetu alizichukua zote akaziongezea za kwao. Mashine ingeweza kuwa imelala katikati ya uwanja, watu kumi wameizunguka, mmoja ameshika nyundo, na yeye bado anauliza habari za mbuzi. Halafu katikati ya mbuzi na mihogo utasikia ameingiza swali jingine kwa sauti ileile: na hii nayo, imeacha kula lini? Mara ya mwisho iliamka vizuri mikononi mwa nani?

Wengi walidhani anachelewesha kazi. Mimi nilidhani hivyo kwa muda mrefu kuliko wote, maana mimi ni mtu wa haraka na kichwa changu ni kigumu. Baadaye ndipo nikaja kuona kwamba salamu zikiisha, yeye ameshajua nusu ya ugonjwa, na wenye mashine hawajui kwamba wameshaulizwa.

Tulimwita Mekanisiye, kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha siku ya kwanza alipofika kwenye hospitali ya misheni, na neno hilo la Kifaransa, lenye maana ya fundi wa mashine, likatufurahisha. Jina lake la ubatizo lilikuwemo kwenye daftari la Sista aliyeiongoza hospitali, wala sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kulitumia. Kwao hasa ni wapi, baba yake ni nani, hayo siyajui. Miaka ile watu waliovuka kutoka Burundi walikuwa wengi huku kwetu, kuanzia Kibondo mpaka Kasulu, na ulijifunza upesi kutouliza mambo ya nyuma. Ninachojua ni kwamba aliingia Tanzania na spana mbili, bisibisi moja na binti mmoja. Mke hakuvuka.

Mimi nilikuwa dereva. Enzi zile nilipenda sana kulitamka neno hilo, ingawa chombo chenyewe kilikuwa trekta dogo la kukatia majani, lile ambalo unakaa juu yake kama mtu aliyepanda punda, magoti nje. Watu walikaita katrekta. Injini yake ilikuwa ndogo, ya kuwashwa kwa kuvuta kamba, na chini ya tumbo kulikuwa na visu viwili vya kuzunguka. Lakini nilivaa kofia, na asiyenisalimia kwa jina la dereva sikumwitikia vizuri.

Kiburi changu kilikuwa na sababu moja. Hospitali yetu ilikuwa mbali, juu vilimani kati ya Kasulu na Kibondo, na masika barabara ilikatika kila upande. Kilichobaki kilikuwa kiwanja cha ndege, kipande cha majani kilichonyooka nyuma ya wodi, na ndege ndogo ya wamisionari iliyoleta dawa na kuchukua wagonjwa walioshindikana kwetu. Majani yakipita kifundo cha mguu, rubani hatui. Kazi ya kuyashusha majani hayo ilikuwa yangu. Na ilifika masika moja ambapo anayeingoja ndege alikuwa binti wa Mekanisiye, na majani yalikuwa yamefika magotini, na trekta halikuwaka, na aliyeliharibu nilikuwa mimi. Nayasema hayo mapema ili msomaji ajue kwa nini ninapomkumbuka mtu huyu sauti yangu hupungua.

Nianze na masikio yake. Sijawahi kuona masikio kama yale. Tulikuwa tumekaa siku moja nje ya stoo, tunakula maharage na ugali wa muhogo, lori likasikika mbali huko bondeni, halijaonekana. Akaacha kutafuna. "Huyu ana kiatu kimelegea," akasema, akaendelea kula. Lori lilipofika, dereva alishuka akaulizia mtu wa kumkazia breki za nyuma. Mpishi wa hospitali, aliyekuwa amekaa nasi, alimtazama Mekanisiye kisha akasogeza bakuli la maharage upande wake.

Mtu huyohuyo, kanisani, hakuweza kuimba hata wimbo mmoja. Aliimba kwa nguvu zote, macho amefumba, na kila alipopandisha sauti, sauti ilikwenda inakotaka. Mwalimu wa kwaya, aliyekuwa mpole, alimvumilia wiki tatu. Ya nne akamwomba awe msimamizi wa mabenchi. Mekanisiye alilipokea jambo hilo kama cheo, na tangu hapo mabenchi ya kanisa letu hayakutikisika hata moja.

Baiskeli yake ndiyo iliyonishangaza. Mtu anayetengeneza mashine za wilaya mbili alikuwa na baiskeli inayolia mpaka kuku wanakimbia. Nilimwambia, Mzee, tone moja tu la oili. Akasema, "Hapana, mwana wanje," yaani mwanangu kwa lugha ya kwao. "Waniskie ninakuja. Wakiniskia mbali, wanaacha kufunguafungua."

Maana hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote, kufungua. Mafundi wengine aliwaita watu wa kufungua. Kulikuwa na mashine ya kusaga mahindi huko Kagerankanda, mwenyewe alikuwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mkarimu, mwenye asili ya pwani, na subira hakuwa nayo kabisa. Mashine ilipogoma, yule bwana alitandika mkeka akaifungua yote, akapanga vipande safu kwa safu, halafu akatuma mtu Kasulu, alikokuwa akikaa Mekanisiye, kumwita. Mekanisiye alifika, akasalimia, akanywa chai, akatazama mkeka ule kwa muda mrefu. "Irudishe ilivyokuwa," akasema, "halafu utaniita. Mimi namtengeneza mgonjwa. Huyu ulishamchinja." Akapanda baiskeli yake akaondoka, na makelele yake yakasikika hadi alipovuka mto.

Yule bwana alikasirika wiki nzima. Halafu akairudisha, kipande kwa kipande, na alipomaliza mashine ikawaka yenyewe, kwa sababu katika kurudisha aliikaza nati iliyokuwa imelegea tangu mwanzo. Hadithi hiyo yule bwana aliisimulia mwenyewe, akicheka mpaka machozi. Kila Idi tangu hapo alimpelekea Mekanisiye sahani ya pilau, naye Mekanisiye kila Krismasi akampelekea ndizi.

Chuo cha walimu Kasulu walikuwa na injini ndogo ya kuvutia maji. Wanachuo waliporudi kutoka likizo ikakataa kuwaka. Walibadilisha plagi, wakamwaga petroli, wakavuta kamba mpaka kiganja cha fundi wa chuo kikachunika. Nilikuwepo siku hiyo, nilikuwa nimepelekwa kuchukua spea. Mekanisiye akaanza na salamu zake. Likizo ilikuwaje? Nyumbani wazima? Na hii, wakati ninyi mko kwenu, ilikuwa inakaa na nani? Wakamwambia haikukaa na mtu, ilikuwa peke yake bandani mwezi mzima. Akaitikia, "Ego," ndiyo ya kwao, kwa sauti ya mtu aliyepewa jibu. Akavunja bua la nyasi, akalisukuma ndani ya bomba la moshi, likagota. Akalichokoa. Ukatoka udongo mkavu, kibonge baada ya kibonge, nyumba ya nyigu iliyojengwa vizuri na vyumba vyake. Akavuta kamba mara moja, ikawaka.

Fundi wa chuo aliuliza amejuaje. Akasema, "Nyumba isiyokuwa na mtu inapata mpangaji." Kisha akaomba maji ya kunawa, maana mambo ya kunawa hakuwa na mchezo nayo. Alivaa viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi, kwa kazi ya oili na masizi, na sikuwahi kuona tone juu yake. Spana zake alizifunga kwenye kitenge kimoja kikuukuu chenye maua ya zambarau. Kitenge kile hakukitandika chini hata siku moja. Alikiweka juu ya kiti, na kama hakuna kiti alikitundika begani.

Mara moja tu nilimwona akicheka kwa sauti. Alikuwa akinifundisha kupima moto wa plagi, ambayo yeye aliiita buji. Alisema mashine ndogo inataka vitu vitatu, esanse, ndiyo petroli, moto na hewa, na mtu mwenye akili anauliza kimoja kimoja. Akaniambia nishike buji kwa mkono mtupu, niiegemeze kwenye chuma, yeye avute kamba. Nikashika. Nilirushwa hatua mbili, kofia ikaanguka. Akacheka hadi akakaa chini. "Moto upo," akasema. Kisha akaishika mwenyewe, akaniambia nivute, ukampiga mkononi, naye akafumba macho kidogo tu kama mtu anayeonja mchuzi.

Na huyu mtu hakupanda gari. Lori, basi, hata trekta langu, hakupanda. Kutoka Kasulu hadi Kibondo alikwenda kwa baiskeli, akalala njiani kwa watu. Wengine walisema ni uoga uliompata wakati wa kukimbia kwao. Mimi nilimuuliza, akanijibu kwamba anasikia mno. Ukiwa ndani, alisema, kila kitu kinakuambia kinachokiuma, na wewe umekaa tu, umeshika begi.

Sasa nije kwenye sabuni.

Petroli ilikuwa shida miaka ile. Ilikuja kwa pipa kutoka Kigoma, ikichelewa, na Sista aliipima kwa jicho kali kuliko dawa. Kiwanja chetu kina mteremko upande wa mashariki, na kila nilipoteremka petroli ilitapika kupitia katundu kadogo juu ya kifuniko cha tangi. Tundu lenyewe lilikuwa jembamba, halipitishi hata punje ya ulezi. Sista aliniona nikinuka petroli akanisema. Basi nikafanya kama tunavyofanya huku kwetu debe likivuja au tangi likitoboka: nikamega sabuni ya mche, nikaikanda kwa mate, nikaliziba lile tundu, nikalisugua na kidole mpaka likawa laini. Petroli ikaacha kutapika. Mwisho wa mwezi ikawa imebaki, na Sista akanisifu mbele ya wafanyakazi wote kwa utunzaji. Hakuuliza nimefanyaje, nami sikusema. Nilitaka ionekane ni udereva.

Muda si mrefu mashine ikaanza vituko. Inawaka, inakata majani kidogo, inafifia, inazima. Ninavuta kamba, hakuna. Navuta na choki, hakuna. Nafungua tangi kuona kama petroli ipo, ipo. Nafunga, navuta tena mara nyingi, inawaka. Kesho yake vilevile. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua walianza kusema katrekta kana kiburi, kanataka kaangaliwe kwanza. Nikazidisha choki, nikazidisha kuvuta, na ilipofika katikati ya masika haikuwaka tena kabisa. Siku zikapita, mvua ikanyesha, majani yakapanda, na kwa kiburi cha dereva sikutuma mtu kumwita Mekanisiye. Sikuifikiria sabuni hata dakika moja. Sabuni ilikuwa ushindi wangu.

Binti wa Mekanisiye aliletwa Jumatatu, amebebwa kwenye machela. Alikuwa na miaka kama kumi na miwili, mwembamba, mwenye macho ya baba yake. Alianguka kisimani, mguu ukavimba, wakaukanda nyumbani, na sasa usaha ulikuwa umeingia kwenye mfupa. Daktari alisema mguu huo unahitaji kupasuliwa kwenye hospitali kubwa, na usipopasuliwa wiki hiyo, mguu utakatwa, na homa ikiendelea kupanda hata mguu hautakuwa neno. Barabara zilikuwa zimekatika. Sista akaita kwenye redio koli, na jibu likaja kwamba ndege itapita Alhamisi asubuhi, na ikikuta majani yamelowa na yamepita kifundo cha mguu, itageuka iende zake.

Jumanne walikusanywa watu wote wenye nguvu, wafanyakazi, ndugu wa wagonjwa, hata mpishi, kila mmoja na fyekeo. Walifyeka kutwa nzima. Walipunguza urefu, lakini yalibaki mashina ya kiganja kizima, na kiwanja kilikuwa hakijaisha nusu. Bila trekta la kupita nyuma na kuyashusha, ilikuwa kazi bure. Sista alinijia nikiwa nimeinama juu ya ile mashine, mkono wangu umevimba kwa kamba.

"Baba yake anajua kutengeneza, si ndiyo?" akaniuliza.

"Anajua, Sista."

"Basi mtoe wodini."

Mekanisiye alikuja Jumatano asubuhi, kitenge begani, viatu vimeng'aa. Sijui alivipiga rangi saa ngapi. Alikuwa hajalala, macho mekundu. Watu walikuwa wamesimama na mafyekeo yao, wanamngoja. Na yeye akapiga makofi taratibu, akainama kidogo, akaanza kutusalimia.

Sista aligonga mguu chini. "Mzee, mtoto wako ana homa. Haya mambo yasubiri."

"Buhoro, Sista," akasema. "Polepole. Nikiruka moja, nitairudia." Akanigeukia mimi. Umeamkaje, Dereva? Mama hajambo? Shamba limesimama? Na hii, iliacha kula lini? Nikamwambia. Ikizima, unafanya nini? Nikamwambia, navuta, naweka choki, navuta. Unaangalia tangi? Naangalia. Ukishaangalia, inawaka? Nikafikiri, nikasema, ndiyo Mzee, mara nyingi ilikuwa inawaka nikishaangalia. Akaitikia kwa ile sauti yake, "Ego." Sikuelewa alichopewa.

Akafungua buji. Ilikuwa nyeusi, imelowa, kwa choki zangu. Akaifuta, akaichoma kidogo kwenye jiko la mpishi, akairudisha. Akavuta kamba mara mbili, injini ikawaka. Watu wakapiga vigelegele, nami nikarukia kiti, kofia kichwani. Akanishika mkono. "Shuka. Bado haijasema." Akavuta kigoda akakaa pembeni ya mashine inayonguruma, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kumsikiliza mgonjwa. Tukasimama. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa Buhigwe. Muda ukapita, Sista akatazama saa yake mara tatu. Kisha sauti ikaanza kupungua, ikakohoa, ikazima.

Mama mmoja akashika kichwa. Mekanisiye hakuonekana kuhuzunika. Alisimama, akaweka sikio karibu na tangi, akaanza kukifungua kifuniko polepole sana, na sote tuliokuwa karibu tulisikia tangi likivuta pumzi, fyuuu, ndefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Akakigeuza kile kifuniko. Akapitisha kidole juu yake. Akakinusa. Halafu akanusa kidole chake.

Mimi hapo ndipo nilipojua: tangi lisilovuta hewa haliachii petroli ishuke. Nilijua vyote kwa mpigo mmoja, sabuni na tundu na wiki zote zile, na mguu wa yule mtoto. Akainua macho akanitazama, si usoni. Alitazama mikono yangu. Sabuni ile ilikuwa ya rangi ya bluu, na hospitalini ni mimi peke yangu niliyekuwa nikigawiwa ya bluu, kwa kunawia grisi. Nikangoja aseme. Sista alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Kama angesema, ningefukuzwa palepale, na ningestahili.

Akakitia kifuniko kwenye mfuko wa shati. Akasema ana kiu. Akatembea taratibu hadi kwenye ua wa michongoma, akanywa maji ya kibuyu aliyopewa na mtu, akachuma mwiba, akatupa mgongo. Aliporudi, tundu lilikuwa wazi.

"Ilikuwa nini?" Sista akauliza.

"Ilikosa hewa."

"Kwa nini ikakosa?"

"Njia iliziba, Sista. Mashine ya kazi inaziba." Akafunga kifuniko, akavuta kamba, akanisogezea kiti. "Dereva. Kata."

Nilikata mchana kutwa bila kushuka. Mvua ilinipiga, nikakata. Mashine haikukohoa hata mara moja. Nyuma ya ua niliweza kumwona wodini dirishani, amekaa kitandani kwa mtoto, amegeuza sikio upande wangu, na nilijua anaisikiliza kila raundi. Alfajiri nikamalizia mteremko wa mashariki. Ndege ilikuja jua limeshapanda, ikazunguka mara moja, ikatua.

Machela ikaingizwa. Kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja wa kumsindikiza, na huyo mtu alikuwa yeye, ambaye hakupanda hata basi. Alisimama mbele ya mlango wa ndege, viatu vyake vimelowa majani yangu, akaisikiliza injini kwa muda. Kisha akanigeukia. Akatoa ule mwiba mfukoni, akauchomeka kwenye kola ya shati langu.

"Kila asubuhi," akasema, "kabla hujavuta kamba. Halafu kata."

Akapanda. Inasemwa, nami sikuwepo, kwamba walipotua alimwambia rubani injini yake inachelewa kidogo upande wa kulia, na kwamba mafundi wa ndege walipoangalia wakakuta ni kweli. Rubani mwenyewe ndiye aliyeleta habari hiyo, na alipokuwa akiisimulia alivua kofia.

Niliuchukulia ule mwiba kama adhabu. Kila asubuhi, mvua au jua, nililizibua lile tundu ambalo halikuwa limeziba, kisha nikavuta kamba. Nilikata kiwanja kile hata wiki ambazo hakuna ndege iliyotajwa. Sista akanisifu tena, na safari hii nilitamani ardhi inimeze. Mwiba ulipovunjika nilichuma mwingine, nikauchomeka palepale kwenye kola.

Walirudi baada ya miezi minne. Ndege ilitua kwenye majani mafupi kama nywele za mwanafunzi, na binti akashuka kwa mguu wake, anachechemea kidogo, akiwa ameshikilia gongo asilolihitaji sana. Baba yake akashuka nyuma, uso umepauka, akapiga makofi, akainama, akaanza kutusalimia mmoja mmoja. Aliponifikia aliniuliza mama, shamba, mvua. Akaitazama kola yangu. Akapita. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho hiyo ikawa miaka.

Mwisho wa muongo ule niliacha udereva, nikahamia kwa shemeji yangu Kasulu. Siku moja nilipita karibu na soko nikasikia mashine ya kusaga inanguruma safi mno, nikajua kabla sijachungulia. Alikuwa amezeeka ghafla. Ndevu nyeupe, shingo imekonda, lakini viatu vilikuwa vyeusi na kile kitenge cha zambarau kilikuwa juu ya kiti chake. Nikapiga makofi. Tukasalimiana mpaka unga wa watu watatu ukasagwa.

Halafu nikasema. Nilisema kwa harakaharaka, kama ninavyosema mambo yote. Kwamba ile sabuni ilikuwa yangu. Kwamba niliiweka kwa sifa. Kwamba mtoto wake angekufa kwa sifa zangu, na kwamba yeye alijua akanyamaza, na mimi tangu siku ile sikuwahi kupata usingizi wa kutosha nikikumbuka alivyonihurumia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa mashine iliyofunguliwa vibaya.

"Sikukuhurumia," akasema. "Nilikukasirikia sana. Siku ile mkono ulitaka kukupiga, nikaupeleka kwenye mwiba." Akapunguza injini kidogo ili nisikie. "Lakini ona, mwana wanje. Mimi nilikuwa naondoka na mtoto. Ile ndege ingempeleka, halafu lazima imrudishe. Kama ningekusema, wangekufukuza. Nani mwingine alikuwa anajua kukata kiwanja kile? Nilihitaji mtu abaki, na awe na hofu. Nikakutazama, nikaona hofu ipo."

Akaniuliza, kwa ile sauti ya mbuzi na mihogo, "Ulikuwa unakata kila wiki?"

"Kila wiki, Mzee."

"Ego," akasema. "Tuliona kutoka juu. Mtoto alikuwa analia anaogopa kutua. Nikamwambia tazama chini, yule Dereva ametutandikia."

Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia mwanamke kijana amebeba sahani ya ugali na samaki mgebuka, mtoto mgongoni, anachechemea kidogo. Akaweka sahani kati yetu, akanitazama, halafu akamtazama baba yake kwa macho ya kuuliza. Mekanisiye akasogeza kigoda kingine kwa mguu.

"Mletee maji ya kunawa," akamwambia. "Na sabuni."